Tochi iliyotuma mahali ulipo kabla hujajibu

Tarehe 5 Desemba 2013, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, maarufu kama FTC, ilitangaza makubaliano na kampuni ya jimbo la Idaho iitwayo Goldenshores Technologies pamoja na msimamizi wake, Erik Geidl. Bidhaa iliyowaponza ilikuwa Brightest Flashlight Free, programu ya Android ya kugeuza simu kuwa tochi. Ilikuwa ya bure, ilikuwa imeshapakuliwa mara makumi ya mamilioni, na kwa upande wa mwanga haikuwa na shida yoyote. Unagusa, taa inawaka. Kesi haikuhusu mwanga hata kidogo.

Ilihusu kilichokuwa kikiendelea nyuma ya taa. Tochi ilikuwa inachukua mahali hasa simu ilipo, inachukua na kitambulisho cha kudumu cha kifaa, halafu inavituma kwa watu wa nje, mitandao ya matangazo ikiwemo. Sera ya faragha ya kampuni ilikiri kwamba taarifa zitakusanywa na kwamba kampuni itazitumia. Kuhusu kuwapa wengine, kimya. Magazeti ya wakati ule yalikishikilia zaidi kimya hicho, na ni haki yao, maana kumficha mtu kwamba alipo kunajulikana na watangazaji ni jambo la kuandikwa. Ila uzito wa kisa hiki, kwa anayetengeneza programu na kwa anayezitumia, naona uko kwingine: kwenye kile kilichotokea skrini ya kwanza ilipofunguka.

Vitufe viwili, matokeo yale yale

Ukiifungua programu ile kwa mara ya kwanza, ilikuwekea masharti ya leseni, na chini yake vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Ukiangalia haraka utasema huu ni uungwana. Programu nyingi za miaka ile hazikujisumbua hata kuuliza.

Tume iligundua kwamba masharti yakiwa bado yako kwenye skrini, mtu hajagusa chochote, programu ilikuwa imeshaanza kukusanya na kutuma, mahali na kitambulisho vikiwemo. Kwa hiyo mvumilivu aliyesoma vigezo na masharti mpaka mstari wa mwisho akaamua kukataa, na kijana aliyekubali bila kusoma hata neno, wote wawili walikuwa wameshafanyiwa jambo moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alibaki na tochi.

Inafaa kuisogelea hatua hii, kwa sababu si lazima mtu awe mwovu ndipo aifikie. Programu ya bure hulipwa na matangazo. Mtengenezaji hajengi mtambo wa matangazo mwenyewe. Anachukua kipande cha msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, kilichoandikwa na mtandao wa matangazo, anakipachika ndani ya programu yake, anaandika mstari mmoja wa kukiwasha. Kwa mazoea mstari huo huwekwa mwanzo kabisa, pale programu inapoamka, ili mtumiaji akifika skrini kuu akute tangazo limeshapakiwa. Skrini ya masharti inachorwa na msimbo mwingine, na mara nyingi imeongezwa baadaye, baada ya mtu kusema ni lazima masharti yawepo. Hakuna anayerudi kuangalia kipi kinatangulia kipi. Sidai ndivyo msimbo wa Goldenshores ulivyopangwa. Tume ilieleza kilichotokea. Nasema mpangilio huu ni wa kila siku, na unazaa kosa hilo hilo hata kwenye meza ya mtu mwenye nia njema.

Android yenyewe ililibeba kosa hili mgongoni. Ruhusa kwenye mfumo huo hupewa programu nzima. Kipande cha mtandao wa matangazo kikishaingia ndani, kinarithi kila ruhusa aliyopewa mwenyeji wake, na simu haiwezi kutofautisha tochi inapouliza mahali ulipo na tangazo lililo ndani ya tochi linapouliza. Ukimkubalia mmoja umewakubalia wote waliopanda naye, pamoja na wale ambao hata mwenye programu hajawahi kukutana nao.

Orodha ya mlangoni

Kabla ya hapo kulikuwa na mlango mwingine, na huu haukuwa wa Goldenshores bali wa Google. Katika Android ya wakati ule, ruhusa zote ziliombwa siku ya kusakinisha, kwa pamoja. Unafika dukani, unabonyeza kusakinisha, inakuja orodha: programu hii itaona hiki, itagusa kile. Chaguo lilikuwa moja tu, kutoa vyote au kuondoka. Kuijaribu kwanza haikuwezekana. Kukataa kimoja ukabaki na vingine haikuwezekana pia. Ni mtindo wa dalali wa vyumba anayetaka hela yake kwanza ndipo akupeleke ukaone chumba. Ukikuta bati linavuja, hela imeshaenda. Tena hapa hata kuondoka hakukusaidii sana, maana ukiifuta programu kilichokwisha kutumwa hakifutiki.

Watu waliisoma orodha hiyo? Mwaka 2012 Adrienne Porter Felt na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti uliojibu swali hilo. Asilimia 17 tu ya washiriki walizitazama ruhusa wakati wa kusakinisha. Walipopima uelewa kwa dodoso la mtandaoni, asilimia 3 tu walijibu sawasawa maswali yote ya kupima kama wanajua ruhusa hizo zina maana gani. Wengine husoma takwimu hizi wakasema watumiaji ni wavivu. Mimi nasoma kwamba swali liliulizwa wakati mbaya. Mtu hajaiona programu, hajui ndani kuna nini, hajui ni kitufe gani kitahitaji nini, halafu anapewa orodha ya kiufundi na kuambiwa aamue. Angejibu kwa kutegemea nini?

Na tochi inalifanya swali hilo kuwa gumu zaidi kuliko programu nyingine yoyote ninayoijua. Ile taa ndogo nyuma ya simu ni ya kamera. Kwenye Android za miaka ile, ili programu iiwashe ilibidi ifungue kamera na kuiagiza mwanga wake ubaki umewaka. Kwa hiyo tochi yoyote ya haki, hata ile isiyotuma kitu popote, ililazimika kuomba ruhusa ya kamera, na kwenye orodha ruhusa hiyo ilisomeka kama ruhusa ya kupiga picha na video. Jiweke kwenye nafasi ya mtu wa kawaida. Tochi inataka kunipiga picha? Ombi lililoonekana la ajabu kuliko yote ndilo lililokuwa la kweli. Na ombi la mahali ulipo, ambalo kwa tochi halikuwa na kazi yoyote, lilionekana la kawaida kabisa, kwa sababu wakati huo karibu kila programu ya bure ilikuwa inaliomba.

Mtumiaji makini aliyejaribu kutumia akili yake mlangoni angekataa tochi nzuri kwa sababu ya kamera, au angejifunza kwamba maombi ya ajabu ndivyo yalivyo, ayazoee, na kuanzia hapo asihoji tena. Wengi walijifunza hilo la pili. Ukiwa umeshaikubalia tochi ikupige picha, utaanzia wapi kuikatalia mahali ulipo?

Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile ambayo sisi tuliita kitochi na wenzetu wa Kenya mulika mwizi, iliwasha taa kwa kitufe, ikazimika, basi. Miaka kumi baadaye kazi ile ile ikawa inadai masharti ya leseni na mtandao wa matangazo. Simdharau mtengenezaji kwa kutaka kula kwa jasho lake, lakini umbali huo ni wa kuutazama.

Makubaliano yasiyo na faini

Goldenshores haikulipa hata senti. Katika makosa ya namna hii, Tume kwa kawaida haina mamlaka ya kutoza faini kwa kosa la kwanza. Inafunga makubaliano, na yakivunjwa ndipo hela inapoingia. Ilichopata ni masharti, na makubaliano yalithibitishwa rasmi Aprili 2014. Kampuni ilizuiwa kupotosha namna inavyokusanya na kugawa taarifa za watu na kiwango cha udhibiti walio nacho watu hao. Iliamriwa kufuta taarifa binafsi ilizozikusanya kupitia programu ile. Na iliamriwa, kabla ya kuchukua mahali alipo mtu, imweleze wakati huo huo ni lini panachukuliwa, vipi, na kwa nini, pamoja na kwamba panagawiwa, kisha ipate kibali chake cha wazi.

Walioona haya ni adhabu nyepesi wana hoja. Makumi ya mamilioni ya upakuaji, halafu hakuna faini? Ila sharti hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Halisemi tu “weka maelezo”. Maelezo yalikuwepo, kwenye sera. Linasema maelezo yakae wapi: karibu na tendo lenyewe, muda ule ule, na tendo lisubiri jibu. Mwanasheria anaweza kurekebisha sera ya faragha kwa alasiri moja bila mwandishi wa programu kujua. Sharti hili haliwezi kutimizwa bila kufungua msimbo na kuhamisha ule mstari wa kuwasha matangazo.

Mwezi ule ule wa tangazo la Tume, Desemba 2013, kilitokea kituko. Katika Android 4.3, iliyotoka Julai 2013, kulikuwa na ukurasa uliofichika uitwao App Ops, ambao ulimwezesha mtu kuzima ruhusa moja moja kwa programu aliyokwisha kuisakinisha. Ungeweza kubaki na tochi na kuinyima mahali. Hapakuwa na njia rasmi ya kuufikia. Watu waliupata kwa kusakinisha programu nyingine ya kuufungua. Toleo la 4.4.2 lilipotoka, siku chache tu baada ya tangazo la Tume, ukurasa ule haukuwepo tena. Google iliwaeleza wanaharakati wa haki za kidijitali wa Electronic Frontier Foundation kwamba ulitoka kwa bahati mbaya, ulikuwa wa majaribio ya ndani, na ungeweza kuharibu programu. Peter Eckersley wa taasisi hiyo akaandika kupinga, akaitaka Google iurudishe. Kwa hiyo ndani ya wiki moja, serikali ilisema ni kosa kumchukulia mtu mahali alipo bila kumwuliza, na mwenye mfumo akaondoa swichi ya kuzuia jambo hilo hilo.

Hoja ya Google haikuwa ya uongo. Programu za wakati ule ziliandikwa zikiamini kwamba zikishasakinishwa zina kila kitu. Ukizinyima kimoja ghafla, nyingi zingeanguka. Hilo linakuonyesha jinsi mlango wa kusakinisha ulivyowalea watengenezaji. Hawakuwahi kulazimika kufikiria programu yao itafanya nini mtu akisema hapana.

Mlango ulipohamishwa

Mabadiliko yalikuja na Android 6.0, Oktoba 2015. Ruhusa nzito (mahali, kamera, maikrofoni, namba za watu, ujumbe) hazikutolewa tena mlangoni. Unasakinisha kwanza, unafungua, unaangalia, na programu inapofika pahali inapohitaji kitu inakuuliza. Ukikataa, inabidi iendelee kwa namna fulani. Iphone ilikuwa imetangulia njia hii. Mwaka 2012, baada ya kelele za Februari kwamba Path, programu ya mtandao wa kijamii, ilikuwa inapakia daftari zima la majina ya watumiaji kwenye seva zake, toleo la sita la mfumo wa Apple lilianza kuuliza kabla ya programu kugusa majina, kalenda na picha.

Android 6.0 ilileta na kitu kingine ambacho magazeti hayakukiona kama habari. Iliwapa watengenezaji njia mpya ya kuwasha taa ya kamera bila kufungua kamera na bila ruhusa ya kamera. Kile kitendawili cha tochi kutaka kupiga picha kikaisha. Kuanzia hapo tochi inaweza kuwaka bila kuomba ruhusa hata moja kwa mtumiaji, na ikiomba, ombi linasimama peke yake mchana kweupe.

Tungetegemea kisa kiishie hapo. Hakikuisha. Kwanza kulikuwa na mwanya. Utaratibu mpya uliwabana tu waliotangaza kwamba programu yao imeandikwa kwa ajili ya toleo jipya. Aliyebaki kwenye la zamani aliendelea kupewa vyote mlangoni, mpaka Google ilipoufunga mwanya huo dukani katika nusu ya pili ya mwaka 2018. Pili, tabia haikuhama pamoja na mlango. Mwaka 2019 kampuni ya usalama Avast ilichunguza programu 937 za tochi zilizowahi kuwa kwenye duka la Google. Kwa wastani ziliomba ruhusa 25. Programu 262 kati ya hizo ziliomba kati ya 50 na 77. Za tochi! Miaka sita baada ya Goldenshores, na takriban miaka mitano tangu Android 5.0 iweke kitufe cha tochi ndani ya simu yenyewe, yaani wakati ambapo hakuna mtu aliyelazimika tena kupakua programu yoyote ili apate mwanga umeme ukikatika.

Cha tatu ndicho kinachonikera zaidi. Watengenezaji wengi waliichukua ile orodha ya mlangoni wakaihamishia ndani, hatua moja tu baada ya kizingiti. Fungua programu mpya leo uone: kabla hujaona hata rangi ya skrini kuu, inakuja ruhusu arifa, ruhusu mahali, ruhusu picha, moja baada ya nyingine. Mfumo umekupa nafasi ya kuonja kwanza, mtengenezaji ameinyang'anya. Mtu anabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, ili yapite afike alikokuwa anakwenda. Kisheria ameulizwa. Ukimrudia baada ya dakika tano umwulize alikubali nini, hakumbuki.

Google ilijaribu hata kwenda mbele zaidi, kumwezesha mtu atumie programu bila kuisakinisha kabisa. Instant Apps zilitangazwa Mei 2016 na kufunguliwa kwa watengenezaji wote mwaka uliofuata. Unagusa kiungo, kipande cha programu kinafunguka, unakitumia, kinapotea. Ruhusa zilizowezekana humo zilikuwa chache kwa makusudi. Namba za watu hazikuwemo. Wazo zuri, lakini watengenezaji hawakulikimbilia, maana kuigawa programu katika vipande vyepesi ni kazi kubwa, na mwenye biashara anataka usakinishe, si uonje na kuondoka. Mwaka 2025 Google ilisema huduma hiyo ingefungwa Desemba ya mwaka huo.

Ingepangwaje

Tuirudie tochi, tuijenge upya kwa matangazo yale yale na kwa mtengenezaji yule yule anayehitaji kula. Mtu anaifungua. Taa inawaka papo hapo. Hakuna masharti, hakuna swali, kwa sababu hakuna kinachochukuliwa. Simu haina taa nyuma? Skrini nzima inageuka nyeupe, nayo haihitaji ruhusa. Tangazo linakaa chini, lisilojua mahali ulipo. Linalipa kidogo kuliko linalojua, lakini linalipa. Baadaye, mtu akishaizoea, programu inaweza kumwambia waziwazi kwamba akiruhusu mahali, watangazaji wataonyesha vitu vya karibu naye na mtengenezaji atalipwa zaidi. Akikataa, taa inaendelea kuwaka kama kawaida. Hapo ndipo kukataa kunakuwa kukataa kweli, kwa sababu mtu hapotezi alichokuja kukifuata.

Atakayepinga atasema hakuna atakayekubali. Huenda. Basi tujue kwamba biashara ile ilikuwa inasimama kwa sababu watu hawakujua, na hilo ndilo Tume ilikuwa inalisema.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la upande mwingine. Mpangilio huu unamlinda mtu dhidi ya kile anachoulizwa tu. Mpaka leo, kwenye Android, ruhusa ya kutumia intaneti haiombwi kwa mtumiaji. Programu inajipatia siku ya kusakinishwa. Kwa hiyo tochi isiyojua mahali ulipo bado inaweza kutuma mengine inayoyapata bila kuuliza, na wewe utaona tu bando linapungua.

Kwetu, tochi ilikuja na riba

Hapa Afrika Mashariki kisa cha Goldenshores kilijirudia kwa sura nyingine na kwa maumivu makubwa zaidi, kupitia apu za mikopo. Mpangilio ulikuwa ule ule. Umebanwa, unapakua, na kabla hujaonyeshwa utapata kiasi gani wala utarudisha kiasi gani, apu inataka ujumbe wako, mahali ulipo na majina yote kwenye simu. Safari hii hakuna kitendawili cha kamera. Majina yalikuwa na kazi, na watu wameijua kazi hiyo siku walipochelewa kulipa: mkwe anapigiwa, bosi anatumiwa ujumbe, mchungaji anaambiwa huyu ni tapeli. Tanzania mikopo ya namna hii imepata jina lake la kausha damu, na jina linatosha.

Kenya ilianza kuibana kwa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu watoaji wa mikopo ya kidijitali. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwatumia watu ujumbe na simu za vitisho. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilikataza apu za mikopo binafsi kwenye duka lake kugusa namba za watu, picha, na mahali hasa mtu alipo.

Katazo hilo la Google linakwenda mbali kuliko kuuliza kwa adabu, na linastahili. Kwenye tochi, anayeulizwa na anayeumia ni mtu mmoja, kwa hiyo ukipanga vizuri wakati wa kuuliza umetatua sehemu kubwa ya tatizo. Kwenye majina ya simu sivyo. Shangazi yako hajapakua chochote, hajaona skrini yoyote, hana kitufe cha kukataa. Hata ukimwonjesha mkopaji programu nzima kwa mwezi mzima na kumwuliza kwa upole, kibali chake hakiwezi kuwa kibali cha shangazi. Kuna ruhusa ambazo hazina wakati mzuri wa kuombwa.

Kilichobaki kwenye apu hizi ndicho ambacho mkopaji angepaswa kukiona kwanza, na hakuna kanuni yoyote ya simu inayozuia kukionyesha. Anaandika 50,000 na siku 30. Skrini inamjibu atakatwa nini mbele, atarudisha kiasi gani, tarehe gani, na akichelewa kinaongezeka nini kwa siku. Hesabu hiyo inafanyika bila jina lake, bila namba yake, bila ruhusa hata moja. Apu inayoshindwa kuionyesha kabla ya kuuliza lolote inajua kwa nini haiionyeshi.